Mama Asiyesikia na Kilio cha Mtoto Wake

Mtu akisikia usiku kilio cha mtoto mchanga katika nyumba ya jirani, na kilio hicho kikaendelea bila kutulizwa, moyo wake hautulii. Atajiinua kitandani na kujiuliza: "Mama yake yuko wapi?" Lakini ziko nyumba ambamo mama yupo, amelala hatua moja tu na mtoto wake, naye ampenda kuliko nafsi yake, wala hasikii sauti yoyote, kwa maana masikio yake yamezibika. Mama huyu ni kiziwi. Hapo watu husema: "Mtu wa namna hii hawezi kulea. Heri mtoto achukuliwe, alelewe na wenye masikio." Je, neno hili ni haki mbele ya Mungu na mbele ya watu? Hilo ndilo swali litakalochunguzwa hapa.

Swali hili si la watu wachache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa watu zaidi ya milioni 430 wamepungukiwa kusikia kiasi cha kuhitaji msaada, na wengi wao wakaa katika nchi zisizo tajiri. Wengine walizaliwa hivyo. Wengine waliziwika utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, kwa usaha wa masikio usiotibiwa, au kwa dawa kali zilizookoa maisha yao zikaharibu masikio yao. Wengine tena waliziwishwa na kazi. Mji wa Likasi, ule ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ni mji wa shaba. Na mtu afanyaye kazi miaka mingi karibu na mashine za kusaga mawe, bila kinga ya masikio, hupungukiwa kusikia polepole hata asijue siku ilipoanza. Basi hakuna mtaa wala kijiji kisicho na watu wa namna hii. Nao huoa, huolewa na kuzaa kama watu wote.

Wazieni nyumba moja katika mtaa wa Kikula, mjini Likasi. Nyumba hii ni ya mfano tu, wala hakuna haja ya kutafuta ni ya nani. Yaweza kuwa ya jirani wa yeyote asomaye. Mume ni kibarua, na mara nyingi zamu yake ni ya usiku. Mke wake aliziwika akiwa na miaka saba, alipougua homa ya uti wa mgongo. Wawili hawa walifunga ndoa kanisani, nao wamejaliwa mtoto wao wa kwanza, binti, mwenye umri wa wiki mbili.

Usiku mmoja mume yuko kazini. Mtoto alia. Mama, aliyechoka kwa kukesha siku nyingi, amelala. Jirani asikia kilio, agonga mlango, wala mlango haufunguliwi. Kesho yake habari yafika Kambove kwa mama wa mume. Yeye afika upesi na mzigo wake kichwani, akaketi, akamwambia mwanawe: "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mke wako. Ni mtoto mwema. Lakini mjukuu wangu nitamlea mimi, mpaka aweze kutembea na kusema. Huyu hatasikia hata nyumba ikiungua." Mume ainamisha kichwa, wala hajibu. Mke hakusikia neno hata moja. Lakini aona midomo ya mkwe wake, aona uso wa mume wake, aona kikwembe kikikunjuliwa ili mtoto abebwe mgongoni mwa mwingine. Aelewa yote. Akamkumbatia mtoto kifuani, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Nani mwenye haki katika nyumba hii?

Kabla ya kujibu, yafaa mashauri ya nkambo yapimwe kwa heshima. Yeye si mtu mbaya, wala hakuja kwa chuki. Amezika watoto, ajua jinsi uhai wa mchanga ulivyo mwepesi kuzimika. Tena jambo analolitetea ni kubwa: uhai wa mtoto. Asiyeweza kusema hutegemea wengine wote, na sheria ya Mungu yaamuru alindwe kwanza. Kama ni kweli kwamba mtoto yumo hatarini mikononi mwa mama yake, basi machozi ya mama hayatoshi kuwa jibu. Kwa hiyo swali la kwanza si kama mama aonewe huruma. Swali la kwanza ni hili: Je, hatari hiyo ni ya kweli?

Nkambo ana hoja tatu. Hoja ya kwanza ni usiku: mama hasikii kilio. Hoja ya pili ni ugonjwa: mama hatajua mtoto akiugua. Hoja ya tatu ni lugha: mtoto hatajifunza kusema. Kila moja ijibiwe kwa zamu yake.

Hoja ya kwanza: usiku. Wengi hudhani ya kuwa kilio ndicho mlango wa kwanza ambao mtoto hugonga. Sivyo. Wakunga na waganga wafundisha ya kuwa kilio cha njaa huja mwisho. Kabla ya kulia, mtoto hujinyonganyonga, hufungua kinywa, hugeuza kichwa huku na huku akitafuta titi, hupeleka mkono mdomoni. Mama amtazamaye huona hayo yote. Mama asiyemtazama, hata akiwa na masikio makali, hungoja mpaka mtoto apige kelele. Tena mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 katika mchana na usiku mmoja. Basi mama kiziwi ajuaye hesabu hii hakai akingoja kuitwa: humwamkia mtoto kwa saa zake, kama mlinzi azungukiaye nyumba bila kungoja mwizi abishe hodi. Mtoto akilala chali karibu naye, chini ya chandarua, mkono wa mama waweza kumfikia, na mtikisiko mdogo wa mwili wake humwamsha mama kama vile sauti iwaamshavyo wengine. Mwenye hisi moja iliyofungwa huzizoeza zile nyingine.

Ni kweli kwamba usiku mmoja aliweza kupitiwa na usingizi. Lakini ni mama gani mwenye masikio ambaye hajapitiwa na usingizi kamwe? Wangapi hulala fofofo kwa uchovu, mtoto akalia mpaka baba akaamka? Hakuna aendaye kumnyang'anya huyo mtoto wake. Watu husema tu: "Maskini, amechoka." Basi uchovu uleule kwa mmoja waitwa uchovu, na kwa mwingine waitwa hatia. Mizani ya namna hii haiko sawa, nayo Maandiko huilaani mizani ya uongo sokoni. Je, si zaidi nyumbani?

Hoja ya pili: ugonjwa. Hapa ndipo mtu atashangaa. Wataalamu wa afya waliochunguza watoto wachanga walio mahututi wamehesabu dalili 7 ambazo kila mama azijue, ili ampeleke mtoto hospitali bila kukawia. Ndizo hizi: mtoto ashindwa kunyonya vizuri, ashikwa na degedege, hajongei ila akiguswa, apumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua chaingia ndani sana anapovuta pumzi, mwili wa moto, mwili wa baridi. Zihesabuni tena kwa vidole. Ipi kati yake yataka masikio? Hakuna hata moja. Zote huonekana kwa macho au huguswa kwa mkono. Mama kiziwi amtazamaye mtoto wake kifua wazi, awekaye kiganja chake juu ya mbavu ndogo na kuhesabu zinavyopanda na kushuka, anacho chote anachohitaji. Anachokosa si uwezo wa kujua. Mara nyingi anachokosa ni mtu wa kumfundisha. Kwa maana katika nyumba ya uzazi mafundisho hutolewa kwa mdomo, kina mama wote wakiketi pamoja katika mabenchi. Yeye huona midomo ikicheza, naye arudi nyumbani mikono mitupu. Hapo kosa si la masikio yake, ni la wale wasiokumbuka kumwonyesha.

Hoja ya tatu: lugha. Nkambo ahofu ya kuwa mtoto wa kiziwi atakua bubu. Lakini walio wengi kati ya watoto wa wazazi viziwi huzaliwa wakisikia, nao hujifunza kusema kwa baba, kwa nkambo, kwa majirani, kwa watoto wanaocheza uani. Kwa mama yao hujifunza lugha ya pili, ile ya mikono. Jambo hili si geni kwa watu wa Katanga: ni watoto wangapi wa Likasi husema Kiswahili uani, lugha ya kabila kwa wazee, na Kifaransa shuleni? Hakuna asemaye ya kuwa lugha tatu zimewaharibu.

Naye Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini, alilifikiri jambo hili katika karne ya nne, katika kitabu chake juu ya ukubwa wa roho. Aliwakumbusha wasomaji juu ya kijana mmoja wa Milano, mzuri wa sura na mwenye adabu, ambaye alikuwa kiziwi na bubu, akaelewana na watu kwa ishara za mwili tu. Kisha akauliza: mtoto akizaliwa na kulelewa kati ya watu wasemao kwa ishara, je, naye hatajifunza ishara zao? Jibu lake lilikuwa wazi: atajifunza, kama kila mtoto ajifunzavyo lugha ya walio karibu naye. Miaka 1,600 baadaye, yaani mwaka 1991, wataalamu wa Montreal nchini Kanada walitangaza waliyoyaona kwa watoto viziwi wa wazazi viziwi: kabla ya kutimiza mwaka walibwabwaja kwa vidole, kama watoto wengine wanavyobwabwaja kwa mdomo. Roho ya mtu hutafuta lugha. Mlango mmoja ukifungwa, hupita katika mwingine.

Mtoto mchanga naye hujiandaa kwa lugha hii. Macho yake huona vizuri kitu kilicho mbali naye kwa sentimita 20 hata 30 tu. Pimeni umbali huo: ndio umbali wa kutoka titi hadi uso wa mama. Kabla hajaelewa neno lolote, mtoto hujifunza uso. Na mama kiziwi, ambaye kwa maisha yake yote amesema kwa uso na kwa mikono, hatakosa la kumwambia.

Basi hoja tatu zimejibiwa. Lakini yabaki jambo jingine, nalo hunong'onwa zaidi ya kusemwa. Wako wasemao ya kuwa uziwi ni laana, au matunda ya uchawi, na kwamba laana hiyo itapita katika maziwa hata kwa mtoto. Wakatekumeni wajihadhari na maneno haya. Katika Injili ya Yohane wanafunzi walimwuliza Bwana Yezu juu ya kipofu, kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake. Naye akakana yote mawili. Na katika Injili ya Marko, alipoletewa kiziwi, hakumfokea wala hakuwauliza watu dhambi zake. Alimtenga na kelele za kundi, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Angaliaeni utaratibu wake: kabla ya kusema neno la kumponya, alisema naye kwa vidole na kwa macho, yaani kwa lugha ambayo mtu yule aliweza kuielewa.

Habari iliyo karibu zaidi na nyumba ya Kikula ni ile ya Zakaria. Wengi hukumbuka ya kuwa alikuwa bubu. Wachache huona ya kuwa mtakatifu Luka aonyesha pia hakusikia, kwa maana asema ya kuwa ndugu walimwuliza kwa ishara. Basi Zakaria alikuwa baba wa mtoto mchanga, wala hasikii wala hasemi. Siku ya nane jamaa na majirani wakaja, wakataka kumpa mtoto jina la baba yake. Elizabeti akakataa. Je, walisema: "Baba huyu ni kiziwi, tumwache, sisi wazee tutaamua"? Hapana. Walimgeukia yeye, wakamfanyia ishara ili ajibu. Akaomba kibao, akaandika jina la Yohane, na neno lake likasimama. Fikirini jambo moja hapa: walimwuliza kabla kinywa chake hakijafunguliwa. Ubaba wake haukungoja kuponywa kwake. Alikuwa baba kamili katika kimya chake, na wajibu wa jamaa ulikuwa kujifunza namna ya kumwuliza.

Katika nyumba ya Kikula nani alimwuliza mama? Mkwe alisema na mwanawe. Jirani alisema na mkwe. Mtoto alihukumiwa kuhama, na mama yake hakuulizwa neno lolote, hata kwa ishara. Huo ndio ubaya wa kwanza uliotendeka siku ile, nao ulitangulia ule wa kuchukua mtoto.

Sheria ya Kanisa nayo yatoa nuru. Kanuni ya 1104 ya mwaka 1983 yaagiza wanaooana watamke ridhaa yao kwa maneno, na wasioweza kusema waionyeshe kwa ishara zenye maana ileile. Basi mwanamke huyu alisimama mbele ya altare, akatoa ishara, na ishara ile ikamfunga maisha yake yote kama sauti ifungavyo. Kama ishara yake yatosha kufanya ndoa, inawezekanaje isitoshe kulea tunda la ndoa hiyo? Eklezia haikumpa nusu ya sakramenti. Naye Mungu hakumpa nusu ya umama.

Sheria za dunia zakubali vivyo hivyo. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, yaliyopitishwa mwaka 2006, yakataza katika kifungu cha 23 kumtenga mtoto na wazazi wake kwa sababu tu ya ulemavu wa mtoto au wa mzazi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nayo mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria yake yenyewe ya kuwalinda wenye ulemavu.

Wala historia haikosi mashahidi. Katika karne ya 16 mmonaki Pedro Ponce de León, wa shirika lilelile la Wabenediktini waliofika Katanga mwaka 1910, aliwafundisha viziwi wa Hispania kusoma na kuandika, wakati ambapo wengi walidhani hawafundishiki. Huko Paris padri Charles-Michel de l'Épée, aliyefariki mwaka 1789, alianza na mabinti wawili ndugu, wote viziwi; akajifunza ishara za viziwi wenyewe, akafungua shule bila kutoza ada. Kutoka shule ile ya Paris kiziwi mmoja, Laurent Clerc, alivuka bahari, akasaidia kufungua shule Marekani mwaka 1817. Na kutoka Marekani alikuja Afrika Andrew Foster, Mmarekani mweusi, Mprotestanti, aliyeziwika kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 11. Alifungua shule yake ya kwanza Ghana mwaka 1957, kisha nyingine zaidi ya 30 katika nchi nyingi za Afrika, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Kwa njia hiyo ishara ambazo viziwi wengi wa Kongo hutumia leo zina mizizi iliyopita Marekani na Paris. Naye Foster alimwoa mke kiziwi kama yeye, Mjerumani, wakazaa watoto watano na kuwalea. Wazazi wote wawili hawakusikia kilio. Watoto watano walikua.

Hata hivyo yafaa kusema ukweli wote. Yako mambo mawili ambayo haki ya mama haiyafuti.

La kwanza: ikiwa mtoto yumo hatarini kweli, kwa kuwa mama ni mgonjwa sana, au mlevi, au amemtupa, basi jamaa wana wajibu wa kuingia kati. Lakini wangekuwa na wajibu huohuo kwa mama mwenye masikio. Kipimo ni matendo ya mama, si masikio yake.

La pili: mama naye ana wajibu. Mithali yasema: Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya viziwi. Ilitungwa kwa ajili ya kila mzazi. Mama kiziwi akikataa kila msaada kwa kiburi, akifunga mlango kwa komeo la ndani usiku ili jirani asiingie, ajua mwenyewe ya kuwa hasikii mlango ukigongwa, huyo naye akosea. Kukubali mkono wa jirani si kukiri kushindwa. Ni unyenyekevu, nao ni wajibu kwa ajili ya mtoto.

Basi msaada na unyang'anyi hutofautishwa vipi, maana vyote viwili huja na mikono iliyonyoshwa na maneno ya upendo? Kipimo chake ni chepesi. Msaada humwongezea mama nguvu ya kuwa mama, unyang'anyi humpunguzia. Msaada ukiondoka, mama ameweza jambo jana asiloliweza. Unyang'anyi ukiisha, mtoto amerudi nyumbani hamjui mama yake, na mama hamjui mtoto wake, nao hawana lugha moja ya kusemezana. Nkambo ahofu ya kuwa mtoto hatakuwa na lugha; kumbe akimchukua miaka miwili au mitatu, ndipo atakapomnyima lugha ya mama. Atamwokoa na hatari ambayo taa na jirani wangeiondoa, na kumtia katika hasara ambayo hakuna wa kuiondoa.

Taa, ndiyo. Katika giza kiziwi hukosa vitu viwili pamoja: hasikii, tena haoni. Usiku taa ndiyo sikio lake. Katika nchi nyingine viko vyombo ambavyo, mtoto akilia, huwasha taa au hutikisa mto wa mama. Katika nyumba nyingi za Kikula na za vijijini chombo hicho hakipo, na umeme hukatika. Lakini taa ndogo ya jua, inayoachwa ikiwaka kwa mwanga hafifu kando ya kitanda, yapatikana sokoni. Kwa mwanga huo mama akifumbua macho, atazama mara moja, ajua hali ya mtoto.

Basi wajibu wa kila mmoja katika nyumba ile ni huu. Mume ajifunze lugha ya mkewe vema, si ishara za chakula na maji tu, bali za homa, za hofu, za faraja. Na zamu yake ikiwa ya usiku, amtafute mtu wa kulala nyumbani, au aagane na jirani. Tena siku ile mama yake alipotoa shauri, hakupaswa kuinamisha kichwa. Yeye peke yake alikuwa na lugha zote mbili, na aliye na lugha mbili akinyamaza, amewaziba wengine masikio na vinywa. Jirani apewe ufunguo, ili akisikia kilio asigonge mlango bure, bali aingie kwa upole na kumgusa mama begani. Wauguzi wamwonyeshe zile dalili 7 kwa mikono na kwa picha. Nkambo abaki. Ndiyo, abaki wiki nne au tano, lakini katika nyumba ya mama, si mtoto katika nyumba ya nkambo. Aoshe nepi, apike bukari, amwache mama apate usingizi mchana, ili usiku awe macho. Na wakati wa mchana, mtoto akiwa mapajani mwa mamaye, nkambo ajifunze ishara. Mikono ya mzee ni migumu, lakini upendo huilainisha. Nao wote wakumbuke, mtoto atakapokua na kujua lugha zote mbili, wasimtwike mashauri ya wakubwa, ya deni na magonjwa na ugomvi, ati kwa sababu yeye ndiye mkalimani. Mtoto abaki mtoto.

Mwisho wa yote, yafaa kuuliza maana ya kusikia. Wako wenye masikio mazuri ambao mtoto hulia mbele yao, wala hawasikii. Wako wazazi ambao husikia kila sauti ya mtaa isipokuwa ya nyumba yao. Na yuko mama mmoja, katika kimya ambacho wengine hawawezi kukiwaza, aketiye kitandani saa nane za usiku, taa ndogo ikiwaka, kiganja chake juu ya kifua cha binti yake, akihesabu pumzi. Hajaitwa na sauti yoyote. Ameamka kwa sababu ajua ya kuwa ahitajika. Katika Kitabu cha Mwanzo imesimuliwa ya kuwa Hagari alikaa mbali ili asimwone mwanawe akifa jangwani, na Mungu akasikia sauti ya kijana. Mungu asikiaye kilio cha watoto ndiye aliyeichagua mikono ya mama huyu. Nani basi atakayesema ya kuwa alikosea katika kuchagua?

Maswali ya kujiuliza wakatekumeni:

1. Je, katika kijiji chenu yuko mzazi asiyesikia? Nani hujua kusema naye, na nani hupita tu?

2. Jamaa wa Zakaria walifanya nini walipohitaji jibu lake? Jamaa wa nyumba ya Kikula waliacha kufanya nini?

3. Mkitoa msaada kwa mtu, mwajuaje kama mmemwongezea nguvu au mmemnyang'anya iliyo yake?

4. Toeni ishara moja ambayo mnaweza kujifunza wiki hii, ili Dominika mkimkuta kiziwi mlangoni mwa kanisa mpate kumsalimu.